Mwanatimu Aliyenyamaza Bado Anasikia



Wapenzi wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mara nyingi tumezungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Leo nawaomba tutazame ugonjwa ambao hauonekani kila siku, lakini ukiingia katika nyumba huitikisa nyumba yote. Ni ugonjwa unaomnyang'anya mtu mikono, miguu na sauti, huku mwenyewe anaendelea kusikia na kuelewa yanayosemwa kando ya kitanda chake.

Somo hili tutalipitia kwa kumkumbuka mchezaji mmoja wa Uingereza, Rob Burrow, aliyefariki tarehe 2 Juni 2024. Alitwaa vikombe vingi, lakini leo tutaangalia zaidi namna yeye, familia yake na klabu yake walivyoishi na ugonjwa huo kwa miaka minne na nusu. Hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa wa namna hii, soma hadi mwisho. Mengi ya haya yatakufaa siku utakapomtunza mzazi aliyepooza au rafiki asiyeweza kuinuka kitandani.

MCHEZAJI MDOGO WA LEEDS

Rob Burrow alizaliwa mwaka 1982 katika mji wa Pontefract, kaskazini mwa Uingereza. Alicheza raga, ile ya wachezaji 13 kila upande, mchezo ambao watu wenye miili mikubwa hugongana kwa nguvu. Yeye alikuwa na urefu wa mita 1.65 tu. Wengi walimwona ni mdogo mno kwa mchezo huo. Lakini alikuwa na mbio, akili ya haraka na moyo usiokata tamaa. Alichezea klabu moja tu, Leeds Rhinos, tangu mwaka 2001 hadi 2017, mgongoni akivaa namba 7. Katika miaka hiyo klabu yake ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mara 8, naye akiwamo.

Alipoacha kucheza alibaki klabuni akiwafundisha vijana. Mwaka 2019 watu wa karibu walianza kuona kwamba ulimi wake unakuwa mzito anapozungumza. Alikwenda hospitali, akapimwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo akapewa jibu gumu: anao ugonjwa wa seli za neva zinazoendesha misuli. Alikuwa na umri wa miaka 37, ana mke na watoto watatu wadogo.

Hapa ndipo tunaona jambo la kwanza la kujifunza. Hakuficha. Habari ilitangazwa Desemba ile ile, na wenzake wakajua wanasimama wapi. Tarehe 12 Januari 2020 klabu ilicheza mechi katika uwanja wake wa Headingley, na watu wakajaa uwanja mzima. Burrow mwenyewe aliingizwa uwanjani dakika za mwisho, akavaa tena jezi yake mbele ya watu waliompenda. Fedha zilizopatikana zilikwenda pia kuisaidia familia yake.

NI UGONJWA GANI HUU?

Ubongo wetu huiongoza misuli kwa njia ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Fikiri juu ya umeme. Taa inaweza kuwa nzima na mitambo ikawa nzima, lakini waya ukikatika katikati taa haiwaki. Ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu. Seli za neva zinazopeleka amri kwenye misuli hufa moja baada ya nyingine. Misuli isiyopata amri hulegea, hukonda na mwisho husinyaa. Huanza mahali pamoja, labda mkono, mguu au ulimi, kisha huenea. Mwishoni hufika kwenye misuli ya kumeza na ya kupumua.

Madaktari wa Uingereza huuita kwa kifupi MND, na namna yake iliyo ya kawaida zaidi huitwa ALS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza vizuri mwaka 1869, kwa hiyo si ugonjwa mpya. Huko Marekani watu wengi huutaja kwa jina la mchezaji, Lou Gehrig. Huyu alikuwa nyota wa besiboli wa New York Yankees, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Mwaka 1939 nguvu zilimwishia, akaomba mwenyewe apumzishwe, na siku alipotimiza miaka 36 akaambiwa ana ugonjwa huu. Alifariki tarehe 2 Juni 1941. Rob Burrow alifariki tarehe na mwezi ule ule, miaka 83 baadaye.

Wala si ugonjwa wa Wazungu wa Ulaya na Marekani peke yao. Afrika ya Kusini ilimpoteza Joost van der Westhuizen, mchezaji wa timu ya raga iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1995. Aligunduliwa mwaka 2011 na kufariki Februari 2017. Na huku kwetu pia wapo wagonjwa, ila wengine hufa kabla ugonjwa wao haujapata jina.

Je, unaambukiza? Hapana. Unaweza kula naye sahani moja, kumkumbatia na kulala naye chumba kimoja.

Je, ni wa kurithi? Kwa wagonjwa wengi, hapana. Katika kila wagonjwa 10, huenda mmoja ana ndugu wa damu aliyekuwa nao.

Je, ni kurogwa? Hapana. Mtu akikonda mkono mmoja, kisha akapoteza sauti, majirani huanza kutafuta mchawi. Nimeona familia zikigawanyika kwa sababu hiyo, na shangazi mzee akifukuzwa kijijini bila kosa. Ugonjwa ulioua seli za neva haukutumwa na shangazi.

Je, michezo ndiyo inayouleta? Wataalamu wanaendelea kuchunguza kwa nini baadhi ya wanamichezo huupata. Lakini wanamichezo walio wengi sana hawaupati kamwe, na mazoezi yana faida kubwa mwilini. Usimkataze mtoto kucheza mpira kwa sababu ya somo hili.

Je, una dawa? Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kipo kidonge kiitwacho riluzole, kinachotumika tangu miaka ya 1990, ambacho humwongezea mgonjwa miezi michache. Ipo pia dawa mpya kwa wale wachache wenye aina moja ya kurithi. Wagonjwa wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili zilipoanza, na wachache huishi zaidi. Lakini neno “hakuna dawa ya kuponya” halina maana ya “hakuna la kufanya”. La kufanya ni jingi sana, kama tutakavyoona.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Mkono mmoja kukosa nguvu: kikombe kinaanguka, vifungo vya shati vinashindikana, ufunguo hauzunguki.

2. Mguu mmoja kuburuta na mtu kujikwaa mara kwa mara mahali palipo sawa.

3. Ulimi kuwa mzito, maneno kutoka kama ya mlevi ingawa mtu hajaonja pombe.

4. Misuli kukonda, hasa ile iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili, au kuchezacheza yenyewe chini ya ngozi.

5. Kupaliwa na maji au mate mara kwa mara.

Mambo haya huja polepole na kuongezeka mwezi hata mwezi, kwa kawaida bila ganzi. Usiogope upesi, lakini. Misuli ya jicho au ya paja ikichezacheza tu, bila udhaifu, mara nyingi ni uchovu.

Ni lazima kwenda hospitali kwa sababu yapo magonjwa mengine yanayofanana na huu ambayo yana tiba. Neva zinaweza kubanwa shingoni. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo. Upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi la shingo na virusi vya UKIMWI pia huweza kudhoofisha misuli. Katika sehemu zetu zinazokula mihogo michungu ipo konzo, ambayo hukakamaza miguu ghafla pale mihogo inapoliwa bila kuondolewa sumu vizuri. Hiyo huzuilika kabisa. Na mtu akilegea upande mmoja kwa ghafla, au mdomo ukienda upande, hicho huenda ni kiharusi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa niwaeleze jambo ambalo sioni fahari kulisema. Miaka kadhaa iliyopita tulimlaza wodini baba mmoja aliyekuwa na ugonjwa huu. Zamani alikuwa golikipa wa timu ya kigango chake. Alikuwa hawezi tena kusema wala kuinua mkono. Kila asubuhi nilikuja na faili yangu, nikasimama miguuni pa kitanda na kumwuliza mke wake: “Amelala? Amekula? Amepata choo?” Mke alijibu. Nikaandika, nikaenda kitanda kingine. Nilifanya hivyo siku tatu.

Siku ya nne alikuja rafiki yake, aliyekuwa beki wa timu ile. Alivuta kigoda, akakaa karibu na uso wa mgonjwa, akaanza kumlaumu juu ya bao moja walilofungwa miaka ishirini iliyopita. Mara nikaona mgonjwa anatikisika, machozi yanamtoka, uso umejikunja. Nikaenda mbio, nikamwambia yule rafiki atoke, anamsumbua mgonjwa.

“Sista, mwache,” akanijibu. “Huyu anacheka.”

Kumbe kweli alikuwa anacheka. Yule beki akaniambia kwamba wana ishara zao: akitazama juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana. Tukachukua ubao wa boksi la dawa, tukaandika herufi, tukamsomea taratibu. Neno la kwanza alilotuandikia kwa macho lilikuwa na herufi tatu tu: MTO. Mto wake ulikuwa umekaa vibaya, na shingo ilikuwa inamwuma. Kwa siku tatu nzima alikuwa akiumia, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikimwuliza mtu mwingine.

Nina diploma ya uuguzi na miaka mingi ya kazi, lakini siku ile nilifundishwa na beki wa kigango. Kanuni niliyoishika tangu hapo ni hii: mwulize mgonjwa mwenyewe kwanza. Asipoweza kujibu kwa mdomo, mtafutie njia nyingine ya kujibu.

MFANYIE NJIA YA KUSEMA

Rob Burrow alipopoteza sauti alitumia kompyuta inayofuata mwendo wa macho. Alitazama herufi, mashine ikaandika na kusema. Wataalamu waliitengenezea sauti yake mwenyewe kwa kutumia mahojiano aliyofanya zamani alipokuwa mzima, hata lafudhi ya kwao ikasikika. Desemba 2022 aliwasomea watoto hadithi ya kulala katika televisheni ya nchi yake kwa mashine hiyo. Mtu asiyeweza kutikisa kidole alikuwa anawasomea watoto wa nchi nzima.

Mashine kama hiyo ni ghali. Lakini kazi yake tunaweza kuifanya kwa kipande cha boksi na kalamu nene. Andika herufi kubwa katika mistari mitano, kila mmoja ukianza na irabu:

A B C D
E F G H
I J K L M N
O P R S T
U V W Y Z

Kaa mbele ya mgonjwa, mahali pa mwanga. Taja mistari kwa irabu zake: “A? E? I? O? U?” Akitazama juu, simama. Kisha taja herufi za mstari huo moja moja mpaka atazame juu tena. Andika herufi hiyo, anza upya. Kwa neno MTO utafika mstari wa I na kusimama kwenye M, halafu mstari wa O na kusimama kwenye T, halafu O tena. Usikimbilie kummalizia neno bila kumwuliza. Mtu akishazoea, hana haja hata ya kutazama ubao.

Fanyeni mazoezi haya mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema. Wakati huo huo mrekodini kwa simu: jinsi anavyowaita watoto wake, hadithi za ujana wake, sala za jioni pamoja na familia. Mwulizeni pia anataka atunzwe wapi na vipi hali itakapokuwa nzito. Ni mazungumzo magumu, lakini ni afadhali kumwuliza wakati anaweza kujibu kwa sauti yake.

Kumbukeni mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wa namna hii wengine hucheka au kulia bila kujizuia hata pasipo sababu. Ni neva, si wazimu wala pepo. Baadhi pia hubadilika fikra au tabia, na wachache hupata usahaulifu mkubwa. Mkiona hivyo mwelezeni daktari. Pili, aliyepata kiharusi anaweza kuwa ameharibikiwa uwezo wa kuelewa maneno na herufi. Huyo mwonyesheni vitu au picha: kikombe, choo, blanketi, mto.

KULA, KUPUMUA NA KULALA

Kula. Mketishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Usimlishe akiwa amelala. Mpe kidogo kidogo, ngoja ameze ndipo uongeze. Maji na chai nyepesi humpalia upesi kuliko uji mzito. Vyakula laini vinafaa: ndizi zilizopondwa, viazi, maparachichi, mtindi, maharage yaliyosagwa. Epuka karanga, wali mkavu na nyama ya nyuzinyuzi. Asizungumze wala kuzungumzishwa akiwa na chakula mdomoni. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Ongeza mafuta kidogo na maziwa katika chakula, maana kukonda humpunguzia siku. Akipungua uzito sana au akipaliwa kila mlo, mrudisheni hospitali. Upo uwezekano wa kuwekewa mrija wa chakula tumboni. Anayepelekewa Komunyo, mwambieni padre mapema ili ampe kipande kidogo sana.

Akipaliwa asiweze kukohoa wala kuvuta pumzi, mwinamishe mbele, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisicho toka, simama nyuma yake, zungusha mikono juu ya kitovu, ukibinye tumbo kwa ndani na kwenda juu mara tano. Rudia.

Kupumua. Akiamka na kichwa kinachouma, akishtuka shtuka usiku, akishindwa kulala chali, misuli ya pumzi imeanza kuchoka. Inua upande wa kichwa kwa mito, na mpeleke kwa daktari. Hospitali kubwa nyingine zina mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa usiku.

Mwili. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Nyoosha viungo vyake taratibu mara mbili kwa siku. Usimwinue kwa kuvuta mkono, maana bega lisilo na misuli huteguka. Mwinue kwa kumshika kiunoni na mgongoni. Misuli inapokufa, ngozi haifi. Anahisi baridi, anahisi mbu, anahisi mkunjo wa shuka, ila hawezi kujikuna.

Maumivu. Asiambiwe avumilie tu. Hospitali nyingi siku hizi zina huduma iitwayo tiba shufaa, ya kuondoa maumivu na kumtuliza mgonjwa hata kama ugonjwa wake hauponi. Iulizeni.

NANI ANAMTUNZA MTUNZAJI?

Mke wa Rob Burrow, Lindsey, ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimtunza mumewe, akalea watoto watatu na kuendelea na kazi yake. Yeye naye alihitaji watu wa kumshika mkono, na ndipo tunapofika kwa nahodha wa zamani wa timu, Kevin Sinfield.

Sinfield alikuwa ameshaacha kucheza raga. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 katika siku 7 mfululizo, kwa sababu ya namba 7 ya rafiki yake. Kila marathoni ni zaidi ya kilometa 42. Alitarajia kupata pauni 77,777; zikapatikana zaidi ya milioni 2 za kuwasaidia wagonjwa na utafiti. Novemba 2021 alikimbia maili 101, yaani kilometa zipatazo 160, kutoka Leicester hadi Leeds katika saa 24. Novemba 2022 alikimbia tena siku 7, kila siku masafa yanayopita marathoni, kutoka Edinburgh hadi Manchester.

Kisha ikaja tarehe 14 Mei 2023. Leeds iliandaa marathoni yenye jina la Rob Burrow. Sinfield alikimbia njia yote akimsukuma rafiki yake katika kiti cha magurudumu. Walipokaribia mstari wa mwisho alisimama, akamtoa katika kiti, akambeba mikononi, wakavuka mstari pamoja.

Picha ya siku ile ilizunguka duniani. Lakini mimi kama muuguzi natazama jambo jingine. Marathoni ya 2020 ilikuja mwaka mzima baada ya habari kutangazwa, na ile ya 2023 ikaja baada ya zaidi ya miaka mitatu. Rafiki huyu hakuja mara moja na kikapu cha machungwa akapotea. Kwetu mgonjwa hujaliwa sana wiki mbili za kwanza. Nyumba hujaa watu, uji hupoa kwa wingi. Mwezi wa sita hubaki mke peke yake, mgongo unamwuma, hajalala usiku mzima tangu Pasaka.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa timu zetu, wanakwaya, WAWATA na wanajumuiya: msihitaji kukimbia marathoni. Chagueni watu 7, kila mtu achukue siku moja ya juma. Siku yako uende saa mbili tu. Mgeuze mgonjwa, mlishe, mwambie matokeo ya mechi, mwulize maoni yake kwa ubao wa herufi, na mwache mke wake alale au aende sokoni. Timu inaweza pia kucheza mechi ya hisani, mapato yakanunua godoro, nauli ya hospitali au ada ya mtoto. Fedha hizo zikabidhiwe mbele ya mgonjwa mwenyewe, naye aulizwe zitumike vipi.

Na tafadhali, jina lake lisifutwe katika daftari la timu. Siku ya mechi, kama barabara inaruhusu, mbebeni mpaka kando ya uwanja akae kivulini. Kama haiwezekani, mpigieni simu mkiwa uwanjani asikie kelele za watu.

MWISHO

Januari 2024 Rob Burrow na Kevin Sinfield walipewa nishani ya taifa pamoja, katika uwanja wao wa Headingley. Juni 2 mwaka huo Burrow alifariki, akiwa na miaka 41. Alikuwa amesaidia kuchangisha fedha za kituo cha wagonjwa wa maradhi haya katika hospitali ya Seacroft, mjini Leeds. Kazi ya kujenga ilikuwa imepangwa kuanza tarehe 3 Juni. Familia yake haikuiahirisha. Siku moja tu baada ya kifo chake, ardhi ikachimbwa.

Hakupona. Lakini kwa miaka minne na nusu hakuhesabiwa kuwa maiti kabla ya siku yake. Aliulizwa, alijibu, alitaniwa, alicheka, alibishana. Hilo linawezekana hata katika nyumba ya udongo, kwa kipande cha boksi na rafiki mwenye saa mbili za nafasi.

Yule golikipa niliyewaambia alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Beki wake aliondoka na ule ubao wa boksi kwapani, kisha akarudi mlangoni kuniuliza kama tunalo boksi jingine la akiba, maana msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Nikampa mawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu yupo mgonjwa asiyeweza kusema? Mara ya mwisho tulimwuliza yeye mwenyewe jambo gani?

2. Mtu wa nyumbani anayemtunza alilala usiku mzima lini? Nani atachukua siku moja ya juma?

3. Kuna mtu ameshutumiwa uchawi kwa sababu ya ugonjwa kama huu? Tufanye nini kumrudishia heshima yake?

4. Andikeni ubao wa herufi. Wawili wawili mjaribu kuzungumza kwa macho tu, kwa dakika kumi. Mwishoni kila mmoja aeleze alijisikiaje.